Rubani Aliyeukosa Mkono wa Koti

Ilikuwa saa nane na robo usiku, Jengo la Tatu la uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Watoto walishalala juu ya mabegi, akina mama wamejitanda khanga hadi kichwani kwa baridi ya viyoyozi. Ndege tuliyoisubiri tangu saa nne ilikuwa imefika, tunaiona pale nje ya kioo, taa zinawaka. Watu wakaanza kupanga foleni bila kuambiwa.

Ndipo binti wa kampuni akashika kipaza sauti akatutangazia kwamba hatuondoki. Ndege imechelewa kufika, marubani wamefikisha kikomo cha saa zao za kazi, wengine watapatikana asubuhi.

Kelele zikalipuka. Mzee mmoja aliyevaa kanzu akauliza kwa sauti kubwa, "Kwani wanaiendesha? Ndege siku hizi si inajiendesha yenyewe?" Mimi nilikuwa nakwenda Muscat kwa dada yangu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimemwahidi kwamba akizinduka ataniona. Nikapenya hadi mbele, nikamwambia yule binti, "Kama wamechoka, si wangelala mchana?"

Hakunijibu. Aliikunja kona ya karatasi aliyoishika, akaikunjua, akaikunja tena.

Baadaye kidogo marubani wawili wakatoka kwa mlango wa pembeni, kila mmoja anavuta begi lake dogo. Mkubwa wao, mtu wa makamo, akasimama karibu na nguzo avae koti. Akapeleka mkono nyuma kuutafuta mkono wa koti, akaukosa. Akajaribu tena, akaukosa. Mara ya tatu mwenzake akamshikia.

Sikusema neno. Niliketi chini nikaanza kuhesabu. Tungeondoka usiku ule, baada ya saa tano na ushei mtu huyu huyu angekuwa anaishusha ndege Muscat asubuhi, nami nimo ndani.

Imepita miezi miwili. Dada alipona, na hakunilaumu hata siku moja. Lakini lile koti halinitoki.

Usingizi haupigi hodi

Mtu wa kwanza niliyemuuliza si rubani. Ni baba mdogo, aliyeendesha lori njia ya Dar es Salaam–Tunduma kwa miaka kumi na saba kabla mgongo haujamkatalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika salama huko?"

Nikamsimulia. Kisha nikamuuliza kama naye aliwahi kusinzia kwenye usukani. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Kitonga," akasema. "Natoka Tunduma na mzigo wa shaba. Ule mteremko wa Kitonga sijui nimeushukaje. Nilikuja kuzinduka niko Ruaha Mbuyuni. Na macho yalikuwa wazi, mwanangu. Sikufumba macho."

Anayeijua Kitonga anajua maana ya maneno hayo. Zile kona, ukuta wa jabali upande mmoja na korongo upande wa pili.

Akanieleza dawa zake zote. Taulo lililoloweshwa maji ya barafu, analizungushia shingoni. Kahawa chungu. Kipande cha tangawizi mbichi anakitafuna polepole hadi ulimi unakufa ganzi. Dirisha wazi hata kama ni Makambako mwezi wa sita. "Vyote hivyo vilikuwa vinanidanganya mimi," akasema. "Usingizi wenyewe haukuwa na habari navyo. Haupigi hodi ule. Na aliyechoka sana ndiye anayekuapia kwamba yuko sawa."

Nikamuuliza kwa nini hakuwa anasimama akalala. Jibu lake nimelibeba hadi leo.

"Nilisimama mara moja, Mafinga. Nikalala saa nne nzima. Nilipofika Dar, tajiri alishampa mtu mwingine funguo."

Usiku wa kuamkia Buffalo

Nikaanza kusoma. Nilisoma usiku, watoto wamelala, na nilisoma mengi mno kwa afya ya mtu anayepanda ndege mara kwa mara. Kisa kilichonishika zaidi ni cha ndege ya abiria ya Colgan Air, safari namba 3407, iliyoanguka Februari 12, 2009 karibu na Buffalo, jimbo la New York. Watu wote 49 waliokuwemo walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa.

Rubani msaidizi alikuwa msichana wa miaka 24. Kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, pembeni ya jiji la New York, lakini makazi yake yalikuwa upande wa pili kabisa wa nchi, karibu na Seattle. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri bure kwenye ndege za mizigo, akabadilisha Memphis usiku wa manane, akaingia Newark alfajiri. Kitanda hakukiona. Alijiegesha kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi. Kapteni wake naye alikuwa amepitisha usiku katika chumba kama hicho, ingawa kampuni ilikataza watu kulala humo, na rekodi zinaonyesha kwamba usiku wa manane alikuwa macho, ameingia kwenye mfumo wa ratiba wa kampuni.

Kisha ndege ikachelewa kuondoka, zaidi ya saa mbili.

Kuna jambo moja kwenye kinasa sauti ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko yote. Yule binti alikuwa na mafua. Kabla hawajaruka, anasikika akimweleza kapteni kwamba angejisikia hivi akiwa bado nyumbani asingekuja kabisa. Lakini ameshafika Newark. Akisema sasa kwamba anaumwa, itabidi ajilipie hoteli mwenyewe hadi apone.

Basi akaenda kazini.

Karibu na Buffalo mwendo wa ndege ukapungua mno bila wao kuona. Usukani ukaanza kutetemeka, na huo mtetemo umetengenezwa makusudi kumwambia rubani kwamba ndege inakaribia kushindwa kuelea, ashushe pua ipate kasi. Kapteni akauvuta usukani kwake, akapandisha pua. Haikupita nusu dakika ndege ikawa chini.

Rubani anafundishwa jambo hilo tangu mwanzo wa masomo yake. Alilijua. Mkono ulikwenda pengine.

Hapo ndipo nilipoliona tena lile koti.

Pombe hupimwa

Lakini sitaki kuwadanganya, kwa sababu shaka yangu kubwa ilianzia hapo hapo. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, haikuandika kwamba uchovu ndio uliowaua wale watu. Iliandika kwamba chanzo ni kapteni kuupokea vibaya ule mtetemo wa usukani. Kuhusu uchovu ikasema kwamba huenda uliwapunguzia uwezo marubani wote wawili, ila haiwezi kujulikana kwa kiasi gani. Mwenyekiti wa bodi wakati huo, Deborah Hersman, alitaka uchovu utajwe waziwazi miongoni mwa mambo yaliyochangia. Wenzake hawakukubali.

Nilikasirika. Nikaona wamekwepa.

Kisha nikajiuliza mimi ningeuthibitishaje. Pombe ukiitafuta utaikuta kwenye damu, hata damu ya maiti. Moyo uliosimama unaacha alama. Usingizi hauachi kitu. Hakuna daktari atakayeufungua mwili akasema huyu alikosa saa tano za kulala. Mchunguzi amebakiwa na risiti, ujumbe wa simu, miayo kwenye kinasa sauti, na kauli ya mke au mume kwamba siku ile mwenzangu aliondoka nyumbani mapema.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha kwenye jarida la Nature ulinganisho ambao unaeleweka hata na asiye msomi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya majaribio ya umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamzuia nacho dereva. Akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Sasa fikiria rubani anapita langoni ananuka pombe. Abiria wote tungegoma kupanda, na tungekuwa na haki. Yule mwenye koti alituambia kupitia kampuni yake kwamba hayuko sawa, tukamzomea.

"Si inajiendesha yenyewe?"

Nimemtafutia yule mzee wa kanzu jibu, ingawa sijui nitamwonea wapi.

Ndiyo mzee wangu, sehemu kubwa ya safari otopailoti ndiyo inayoishika ndege. Na hapo ndipo usingizi unapopata mlango. Binadamu akipewa kazi ya kufanya huamka. Akipewa kazi ya kutazama kitu kinachokwenda vizuri chenyewe, gizani, kwenye kiti, injini inaunguruma kwa sauti moja kama bibi anayebembeleza mtoto, atalala. Tena kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri ndipo mwili unapokuwa chini kuliko wakati wowote. Saa ya mwilini haijali umelipwa kiasi gani wala una mistari mingapi begani.

Januari 25, 2024, ndege ya Batik Air ilikuwa inarudi Jakarta kutoka Kendari, Indonesia, ina abiria 153. Kapteni aliomba kupumzika, mwenzake akashika ndege, jambo ambalo walishakubaliana. Kisha na huyo mwenzake akapitiwa. Kwa dakika 28 waongoza ndege waliita, hakuna aliyeitikia. Marubani wenzao waliokuwa angani wakaombwa nao waite. Kimya. Kapteni alipozinduka ndege ilikuwa imeanza kuiacha njia yake. Walitua salama, hakuna aliyeumia.

Agosti 2022 vyombo vya habari viliripoti tukio la namna hiyo karibu zaidi na kwetu: ndege ya Ethiopian iliyotoka Khartoum ikaupita uwanja wa Addis Ababa juu kwa juu, futi 37,000, bila kuanza kushuka, hadi kengele ya otopailoti kujizima ikawaamsha waliokuwa mbele. Shirika lilikiri kwamba mawasiliano yalikatika kwa muda, likawasimamisha marubani hao uchunguzi ukiendelea.

Kwenye basi tungeona. Konda angemsemesha dereva, mama wa kiti cha mbele angepiga kelele, "Dereva, mbona gari inayumba?" Kwenye ndege mlango umefungwa kwa komeo, na tangu Septemba 2001 umefungwa barabara. Tuliobaki nyuma tunagawiwa juisi.

Mang'amung'amu

Kuna jambo sikulijua kabisa. Nilidhani hatari inakwisha rubani akiamka.

Mei 22, 2010, ndege ya Air India Express ilitoka Dubai usiku kwenda Mangalore, kusini-magharibi mwa India. Humo ndani walikuwemo vibarua wengi waliokuwa wanarudi kwao, kama vile dada zetu wanavyorudi Mombasa, Unguja na Entebbe kwa ndege hizo hizo za usiku kutoka Ghuba, begi limejaa zawadi za watoto. Safari ilikuwa ya kama saa tatu na nusu. Kapteni alilala kama saa moja na dakika arobaini, na kinasa sauti kimehifadhi mkoromo wake.

Aliamka. Akaishika ndege ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, na uwanja wa Mangalore uko juu ya kilima kilichosawazishwa kama meza, ukipitiliza unaangukia bondeni. Rubani msaidizi alimwambia waache kutua, wapande wazunguke upya. Alimwambia mara tatu. Kapteni akaendelea kushuka.

Walikufa watu 158. Walipona 8.

Wachunguzi walitaja ile hali inayompata mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzito. Waswahili tunalo neno lake la zamani: mang'amung'amu. Umefumbua macho, unaongea, pengine unatembea, lakini wewe mwenyewe hujafika. Mama yangu alikuwa hatumi mtoto dukani akiwa katika hali hiyo, hadi anawe uso na kukaa kidogo.

Ndiyo maana wataalamu hawasemi rubani asilale kabisa. NASA, shirika la anga la Marekani, iliwajaribu marubani wa safari ndefu kwa kuwapa nafasi ya dakika 40 ya kupumzika kitini kwa zamu. Kwa wastani walilala dakika 26, na wakafika mwisho wa safari wakiwa macho kuliko wenzao walionyimwa nafasi hiyo. Hao walionyimwa vipimo vya ubongo viliwaonyesha wakiibiwa na usingizi wa sekunde chache chache hata wakati wa kushuka. Kanada na nchi nyingine kadhaa zinaruhusu lepe hilo la makubaliano, kwa masharti, mojawapo likiwa muda wa kutosha wa kuzinduka kabla ya kuanza kushuka. Mimi naliunga mkono, ingawa najua abiria wengi wakisikia watashtuka. Bora lepe linalojulikana kuliko linalojiiba.

Mapacha

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi.

Yule rubani msaidizi wa Batik Air alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani. Amekuwa akiamka usiku kumsaidia mkewe. Tena alimwambia kapteni wake tangu safari ya kwanza ya usiku ule kwamba hakupumzika vya kutosha.

Niambie kosa ni la nani. La baba aliyeamka kumbeba mtoto? Ratiba yake inaonyesha alipewa muda wa kupumzika. Kwenye karatasi alilala.

Vivyo hivyo Buffalo. Kampuni ingesema kwamba haikumtuma mtu kuishi Seattle. Na ndege ya mizigo ya UPS iliyoanguka Birmingham, Alabama, Agosti 14, 2013 kabla ya kucha, ikaua marubani wake wawili: wachunguzi waliona kwamba rubani msaidizi alikuwa na nafasi ya kulala zaidi siku zake za mapumziko, hakuitumia. Kwa muda nikaanza kurudi kwenye sentensi yangu ya pale langoni. Si wangelala mchana?

Lakini katika ajali hiyo hiyo ya Birmingham kinasa sauti kiliwanasa wawili hao, kabla ya kuruka, wanazungumzia jambo linaloumiza kulisoma. Baada ya Buffalo familia za waliokufa zilikwenda Washington tena na tena, hadi ikapatikana sheria mwaka 2010 na kanuni mpya zilizokuwa zianze kutumika Januari 2014: rubani wa abiria apate mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, na ndani yake saa 8 za nafasi ya kulala bila kusumbuliwa. Marubani wa mizigo wakaachwa nje. Wale wawili walikuwa wanalalamikia hilo. Muda mfupi baadaye wakafa.

Na usingizi wa mchana wenyewe, nani ameujaribu kweli? Nesi wa zamu ya usiku anajua. Mlinzi anajua. Unalala saa nne asubuhi jua limewaka, jirani anatwanga, mwili unakuambia si wakati wake. Rubani akibadilishiwa zamu kila siku mbili, leo alfajiri, kesho kutwa usiku, akikaa kitandani saa 8 anaweza kuamka amelala tatu tu.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta wa kumlaumu. Ninachokiona kinarudi katika visa hivi ni kitu kimoja kidogo. Binti wa Newark alijua kwamba haumudu usiku ule. Baba wa mapacha alijua, akasema. Baba mdogo alijua, Mafinga. Kujua walijua. Swali likawa wakisema itawagharimu nini: hoteli, safari, funguo.

Nani anapokea simu

Mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwetu na KCAA kwa jirani zetu Kenya, zina kanuni za saa za kazi za marubani, na yule kapteni wa Muscat alisimamishwa na kanuni kama hizo. Saa zilimwishia, basi. Hakulazimika kuwa shujaa. Ila mimi nawaza usiku ambao saa hazijaisha, zimebaki mbili, na koti limeshamkosa.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda uwanjani kumpokea rafiki, nikapita kwenye kaunta ya ile kampuni. Nilitaka kumwomba radhi yule binti. Wenzake wakaniambia yuko zamu ya usiku wiki hiyo. Nikaacha ujumbe, jina langu na neno samahani, na sijui kama alilikumbuka tukio lenyewe, maana wanazomewa wengi.

Siku hiyo hiyo niliiandikia kampuni barua. Niliianza kwa kuwashukuru kwa kutuacha chini. Kisha nikauliza swali moja tu: rubani wenu akipiga simu saa tisa usiku, saa zake bado hazijaisha, akasema hakulala na hawezi kurusha, ni nani anayepokea hiyo simu, na anamjibu nini?

Nilimsomea baba mdogo nakala yake kabla sijaituma. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia niongeze jambo moja.

"Waulize pia, mwezi ule mshahara wake unakuwa shilingi ngapi."

Nikaongeza.